Pua Moja, Majina Mengi: Historia ya Msimbo wa Jeraha

Leo tuzungumze kuhusu pua. Ndiyo, pua hiyo hiyo iliyo katikati ya uso wako. Hasa nataka kuzungumzia pua iliyokatwa, na jinsi kompyuta inavyoambiwa kwamba imekatwa.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lina orodha kubwa ya magonjwa na majeraha inayoitwa ICD. Katika toleo la kumi la orodha hiyo, jeraha la wazi la pua huandikwa S01.2. Mwandishi wa programu akiona kitu cha namna hii, jambo la kwanza ni kukitengenezea safu kwenye hifadhidata, nafasi ya herufi tano inatosha, kisha kwenda kunywa chai.

Mimi huandika programu za kliniki ndogo hapa Eastlands. Kadiri ninavyosoma historia ya msimbo huu, ndivyo ninavyoona kwamba hizo herufi tano zimebeba ugomvi wa siku nyingi. Ugomvi wenyewe ni huu: mtu akija na pua inayotoka damu, tuandike ameumia wapi, au tuandike nini kimemuumiza? Hilo si swali la wasomi peke yao. Mtu aliyekatwa pua Kayole au Umoja anaweza kupata haki yake au kuikosa kwa sababu ya kile kilichoandikwa siku ya kwanza.

Haya, tuanze mbali.

Misri ilikuwa na orodha yake

Mwaka 1862 Mmarekani aitwaye Edwin Smith alinunua hati ya mafunjo mjini Luxor, Misri. Hati hiyo iliandikwa takriban mwaka 1600 kabla ya Kristo, na wataalamu wanaamini kuwa ni nakala ya maandishi ya zamani zaidi. James Henry Breasted alichapisha tafsiri yake mwaka 1930. Ndani yake mna visa 48 vya majeraha, vimepangwa kuanzia kichwani kushuka chini.

Visa vya 11 hadi 14 vinahusu pua. Kisa cha 14 ndicho chetu: jeraha la nyama kwenye upande wa pua, limepenya hadi kwenye tundu. Tabibu anaelekezwa kuunganisha kingo za jeraha kwa kushona. Na kila kisa hupewa hukumu moja kati ya tatu: jeraha nitakalolitibu, jeraha nitakalopambana nalo, au jeraha lisilotibika. Pua ya kisa cha 14 ilipewa hukumu ya kwanza.

Angalia mpangilio huo kwa jicho la programu. Kuna sehemu ya mwili, kuna aina ya jeraha, kuna matibabu, kuna hukumu yenye thamani tatu tu. Hiyo ni rekodi kamili! Kilichokosekana ni safu ya chanzo. Tabibu alitaka kujua kama atashona au hatashona. Nani alimkata mgonjwa, hilo halikuwa swali lake.

Orodha iliyozaliwa makaburini

Orodha tunayotumia leo haikutoka kwa matabibu wa Misri. Ilitoka kwa watu waliohesabu maiti.

Mjini London katika karne ya 17, kila wiki ilitolewa taarifa ya waliozikwa na sababu za vifo vyao. Kazi ya kukagua maiti na kutaja sababu ilifanywa na wanawake waliotumwa na parokia. John Graunt alizichambua taarifa hizo katika kitabu chake cha mwaka 1662, na watu wengi humhesabu kuwa mmoja wa waanzilishi wa takwimu.

Karne ya 19 alikuja William Farr, aliyefanya kazi katika ofisi ya usajili ya Uingereza. Alilalamika kwamba ugonjwa mmoja ulikuwa na majina matatu au manne, na jina moja lilitumika kwa magonjwa tofauti. Kila aliyewahi kusafisha data anayajua machungu hayo. Farr alipendekeza makundi matano ya sababu za vifo: ya mlipuko, ya mwili mzima, ya sehemu maalumu za mwili, ya ukuaji, na yale yatokanayo moja kwa moja na ukatili na ajali.

Unaona tatizo limeshaingia? Kundi la tatu linauliza wapi. Kundi la tano linauliza nini kimetokea. Pua iliyokatwa kwa kisu inastahili kuwa katika makundi yote mawili, lakini ukiwa na karatasi na kalamu, mtu mmoja huhesabiwa mara moja tu.

Mwaka 1893, katika mkutano wa Taasisi ya Kimataifa ya Takwimu mjini Chicago, Jacques Bertillon, mkuu wa takwimu wa jiji la Paris, aliwasilisha orodha ambayo nchi nyingi ziliikubali. Huyu ni kaka yake Alphonse Bertillon, yule wa polisi wa Paris aliyetambulisha wahalifu kwa vipimo vya mwili na maumbo ya uso, pua ikiwemo. Familia hiyo ilipenda sana kuainisha.

Orodha ya Bertillon ilirekebishwa takriban kila miaka kumi, lakini iliendelea kuwa orodha ya vifo. Ni katika marekebisho ya sita, mwaka 1948, WHO ilipoichukua kazi hiyo, ndipo walio hai walipoingizwa rasmi, pamoja na magonjwa na majeraha yasiyoua. Kwa hiyo pua iliyokatwa ilisubiri kitambo. Ni watu wachache sana wanaokufa kwa mkato wa pua.

Mwaka huo wa 1948 ndipo lile swali la wapi au nini lilipojibiwa kwa njia ambayo mwandishi wa programu ataipenda. Jeraha lilipewa misimbo miwili. Msimbo wa E ulieleza chanzo cha nje, na msimbo wa N ulieleza aina ya jeraha lenyewe. Namba zilikuwa zilezile, 800 hadi 999, herufi ya mbele ndiyo iliyotofautisha. Kwa maneno mengine, waligundua kwamba haya ni maswali mawili, na maswali mawili yanahitaji safu mbili.

Kuifungua S01.2

Katika toleo la tisa, lililopitishwa mwaka 1975, pua yetu ilikuwa 873.2 kama jeraha halina matatizo, na 873.3 kama limeingia matatizo. Namba tupu, huwezi kukisia chochote kwa kuitazama.

Toleo la kumi lilipitishwa mwaka 1990 na kuanza kutumiwa na nchi wanachama mwaka 1994. Humo kuna ufundi kidogo:

S: jeraha la sehemu moja ya mwili
0: kichwa
1: jeraha la wazi
.2: pua

Badilisha tarakimu ya kwanza nawe unashuka mwilini. S11 ni jeraha la wazi la shingo, S21 la kifua, S61 la kifundo cha mkono na kiganja, S91 la kifundo cha mguu na wayo. Badilisha tarakimu ya pili nawe unabadilisha aina ya jeraha: S00 ni michubuko ya kichwa, S02 ni mivunjiko ya mifupa ya kichwa na uso. Ni jedwali la pande mbili. Tena, kama ile hati ya Misri, linaanzia kichwani.

Lakini usije ukaandika programu inayoamini kwamba tarakimu ya mwisho ni kiungo kilekile popote. Pua ni .2 kwenye jeraha la wazi (S01.2), na mfupa wa pua uliovunjika ni S02.2, ila mchubuko wa pua ni S00.3. Mpangilio unashika mahali pengi, kisha unakuacha.

Onyo lingine kwa wenzangu. Ukitafuta kwenye mtandao utakutana na S01.21XA. Huo ni wa Marekani. Wao walitengeneza toleo lao na kulianza tarehe 1 Oktoba 2015, lenye misimbo kama 68,000 badala ya 14,000 ya awali. Huko S01.21 ni mkato wa pua usio na kitu kilichobaki ndani, X inajaza nafasi, na A inasema mgonjwa bado yuko kwenye matibabu ya mwanzo. Kwao msimbo huo pia ndio unaopelekwa kwa bima, ndiyo maana umeenda mbali namna hiyo. Usiuchanganye na ule wa WHO katika safu moja bila kuandika ni toleo gani.

Aliyekufa huulizwa nini, aliye hai huulizwa wapi

Sasa tuje nyumbani. Tuchukue mfano wa watu watatu.

Wa kwanza ni abiria wa bodaboda aliyeteleza pamoja na pikipiki kwenye barabara ya Outer Ring. Wa pili ni fundi wa jua kali kule Kariobangi Light Industries, grenda imemrukia usoni. Wa tatu ni mama wa Kayole aliyepigwa na mtu kwa chupa iliyovunjika. Wote watatu wana mkato wa pua, wote watatu wanashonwa, wote watatu ni S01.2.

ICD ina misimbo ya kuwatofautisha. Iko katika sura ya 20, sura ya vyanzo vya nje. Abiria wa pikipiki iliyoanguka bila kugonga kitu barabarani ni V28.5. Fundi mwenye kifaa cha mkono cha umeme ni W29. Mama aliyeshambuliwa kwa kitu chenye makali ni X99. Katika toleo la tisa vyanzo hivi vilikuwa kwenye orodha ya nyongeza, na toleo la kumi likavipa sura kamili.

Sura hiyo ina mambo ya kuchekesha ukiwa Nairobi. Basi, kwa ICD-10, ni gari la kubeba zaidi ya watu kumi. Kwa hiyo ile matatu ya viti 14 iendayo Dandora ni basi, hata kama sisi hatuiiti hivyo. Na kwa bodaboda, msimbo unatofautisha dereva na abiria, lakini hauulizi kama abiria amelipa nauli au amepewa lifti na rafiki. Kwetu hiyo ni tofauti kati ya kazi na urafiki.

Hapa ndipo penye uzito wa hadithi yote. Kanuni za ICD zinasema hivi: mtu akifa kwa jeraha, sababu kuu ya kifo inayohesabiwa ni chanzo cha nje. Lakini mtu akiwa hai, kinachoandikwa kuwa hali kuu ni jeraha lenyewe, na chanzo huja kama msimbo wa ziada. Kitu cha ziada kwenye fomu, sote tunajua, ndicho kinachoachwa wazi foleni ikiwa ndefu.

Yaani yule mama wa Kayole angefariki, dunia ingeuliza nini kilimuua, na jibu lingekuwa shambulio. Kwa kuwa amepona, dunia inauliza ameumia wapi, na jibu ni puani. Orodha hii ilizaliwa kwa ajili ya maiti, na bado ina adabu za makaburini.

Vijiti vya rejista

Usifikiri kwamba katika vituo vyetu kila daktari anakaa akitafuta S01.2. Kwa miaka mingi mgonjwa wa nje wa zaidi ya miaka mitano ameandikwa kwenye rejista ya Wizara ya Afya, MOH 204B. Kisha wagonjwa hujumlishwa kwa vijiti, vinne na cha tano kikivikata, na mwisho wa mwezi jumla huingia kwenye fomu ya MOH 705B. Tangu mwaka 2011 jumla hizo zimekuwa zikiingizwa nchi nzima katika mfumo wa DHIS2, programu huria iliyokuzwa katika Chuo Kikuu cha Oslo na yenye mizizi Afrika Kusini. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo Afrika kuutumia kitaifa kupitia mtandao.

Tazama mistari ya fomu hiyo inayohusu majeraha. Kuna majeraha ya barabarani. Kuna kuungua. Kuna kuumwa na mbwa na kuumwa na nyoka. Kuna majeraha mengine. Pua haipo, wala mkono, wala goti.

Kwa hiyo fomu yetu imefanya kinyume cha S01.2. Msimbo wa ICD unabakiza pua na kupoteza chanzo. Fomu ya mwezi inabakiza chanzo kwa mkato na kupoteza pua. Abiria wa bodaboda ana mstari wake. Fundi anaingia kwenye majeraha mengine. Na mama, kama rejista imesema tu "mkato usoni", anaungana na fundi hapo hapo, kana kwamba grenda na mkono wa mtu ni kitu kimoja.

Silaumu fomu. Wizara inataka kujua ipeleke wapi chanjo ya kichaa cha mbwa na wapi barabara inaua watu. Kwa swali hilo, pua haina kazi.

Na sheria ina orodha yake

Mama wa Kayole akiamua kwenda polisi, anakutana na orodha nyingine kabisa. Atapata nambari ya OB na fomu ya P3, ambayo daktari huijaza akieleza majeraha na kuyapa kiwango. Viwango vinatoka kwenye Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura ya 63, kifungu cha 4: dhara, dhara kubwa, na kulemaza kiungo.

Dhara kubwa, kwa tafsiri ya kifungu hicho, linajumuisha pia kuharibiwa sura kwa kudumu. Pua iko katikati ya uso, kovu lake halifichiki kwa nguo. Shambulio lenye kuleta dhara la kawaida, kifungu cha 251, lina kifungo cha hadi miaka mitano. Kuleta dhara kubwa, kifungu cha 234, kunaweza kufikia kifungo cha maisha. Anayeamua ni mahakama, lakini mahakama hutazama kilichoandikwa.

Na huenda P3 ikajazwa siku kadhaa baadaye, nyuzi zimeshatolewa, uvimbe umeshuka. Daktari hurudi kwenye rekodi ya siku ya kwanza. Akikuta S01.2 peke yake, amekuta nini? Urefu wa mkato haupo. Kina hakipo. Kama ulipenya hadi tunduni, kile ambacho Mmisri alikiandika zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, hakipo. Chupa haipo.

Jibu lililotoka Mosoriot

Nchi yetu imechangia jambo kubwa katika kutatua shida hii, na si wengi wanaolijua. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, ulianzishwa mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliotumia Microsoft Access. Ulitokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Wagonjwa wa virusi vya UKIMWI walipoongezeka katika mpango wa AMPATH, mfumo huo haukutosha. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief walianza kubuni kitu kipya, wakaungana na Hamish Fraser wa Partners In Health. Hiyo ndiyo OpenMRS, programu huria iliyoanza kufanya kazi Eldoret mwaka 2006, na ambayo KenyaEMR ya leo imejengwa juu yake.

Moyo wa OpenMRS ni kamusi ya dhana. Hifadhidata haihifadhi msimbo wa ICD kama ukweli wa mgonjwa. Inahifadhi dhana, kwa mfano "mkato wa pua", yenye majina kwa lugha mbalimbali. Kisha pembeni kuna jedwali la uhusiano: dhana hii ni finyu kuliko S01.2 ya ICD-10, na kule kwenye orodha nyingine ni sawa na kitu fulani. Toleo la ICD likibadilika, unabadilisha jedwali la uhusiano. Alichosema daktari kinabaki kilivyo.

Nawe unaweza kuwa na dhana nyingine kando yake, chanzo cha jeraha, na nyingine ya upande, na nyingine ya urefu kwa sentimita. Kutoka hapo programu inakokotoa S01.2, inakokotoa X99, inapata mstari wa MOH 705B, na daktari wa P3 anapata maelezo yake. Aliyeandika ameandika mara moja.

ICD yenyewe imeelekea huko. Toleo la 11, lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, linaruhusu kuunganisha misimbo kama mabehewa. Msimbo mkuu unafuatwa na misimbo ya nyongeza: XK8G ukiwa upande wa kushoto, XK9K ukiwa wa kulia. Hata herufi O na I wameziondoa ili zisichanganywe na sifuri na moja. Hapo nilitamani kupiga makofi.

Kwa anayeandika programu

Kama unatengeneza mfumo wa kliniki, hata ule wa vyumba viwili pale Jericho au Buruburu, ushauri wangu ni huu. Tenga safu ya mahali, safu ya aina, na safu ya chanzo. Weka chanzo kwenye ukurasa wa kwanza, karibu na jeraha, kwa orodha fupi ya maneno yanayotumika mtaani: bodaboda, matatu, mashine, mbwa, ameanguka, amepigwa na mtu, hakutaka kusema. Hilo la mwisho usilisahau, maana nalo ni jibu. Acha nafasi ya maneno ya daktari na usiyafute kamwe. Kila msimbo uandike pamoja na toleo lake. Na nani anaruhusiwa kuona kwamba mtu amepigwa, lifikirie kabla ya kuweka mfumo kwenye seva, kwa sababu anayempiga anaweza kuwa ndiye aliyemleta.

Haya, nimesema yangu. Kama umefanya kazi kwenye rekodi za hospitali au umewahi kujaza hizo fomu kwa mkono, niandikie unieleze: kwenu chanzo cha jeraha huandikwa wapi, na huandikwa na nani?